Goti Chini ya Dera: Je, Simu Yaweza Kupima Mwendo wa Mtu?

Mama mdogo wangu alipata kiharusi mwaka jana, na kila Jumanne nampeleka kliniki ya tiba ya viungo hapa Mombasa. Kipimo chao ni kile cha siku zote: vipande viwili vya utepe sakafuni, mita 10 kati yake, na saa ya kwenye simu. "Haya mama, twende, taratibu." Mara ya kwanza alitumia sekunde 26. Kisha kijana mmoja wa hapo akaja na jambo jipya. Akaisimamisha simu juu ya kigoda, akarekodi, na programu ikamchorea mama mdogo vidoto kwenye nyonga, goti na kifundo cha mguu ili ihesabu pembe. Feni ikavuma, dera likapepea, kidoto cha goti kikaruka hadi kwenye pindo la nguo. Kwa muda akawa na goti linalokunjika kinyume, kama la korongo.

Tulicheka. Lakini kuna wanaoamini kwamba simu hiyo itatufikishia kipimo ambacho hatukuwahi kukiona, na kuna wanaoiita mchezo wa kitoto.

Wanaoibeza wana hoja nzito. Katika maabara ya mwendo, mtu huvaa kaptura ya kubana, akabandikwa vitufe vinavyoakisi mwanga, akapita katikati ya kamera nane, kumi au zaidi za infraredi zinazopiga picha 100 na zaidi kwa sekunde, huku mabamba yaliyofukiwa sakafuni yakipima nguvu ya kila unyayo unapotua. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo, ambaye daktari anafikiria kumkata mfupa wa paja na kuuzungusha, anastahili kipimo cha namna hiyo kabla kisu hakijashikwa. Hapo sitaki kusikia habari za simu na kigoda.

Ila maabara nayo si msahafu. Vitufe hukaa juu ya ngozi, na ngozi huteleza juu ya mfupa, hasa pajani. Watafiti waliwahi hata kupigilia vijiti vya chuma kwenye mifupa ya watu waliojitolea ili waipime tofauti hiyo. Tena wabandikaji wawili hawabandiki sawasawa. Na chumba chenyewe ni cha mamilioni ya shilingi.

Mwaka 2023 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walichapisha kazi yao kuhusu OpenCap, mfumo unaotumia simu mbili au zaidi za iPhone. Walipoulinganisha na maabara, pembe za viungo zilikosewa kwa wastani wa nyuzi 4.5 hivi. Wengine husikia hivyo wakashangilia, wengine wakaguna. Mimi nauliza: nyuzi nne na nusu kati ya ngapi? Goti lenye afya hukunjika kama nyuzi 60 mguu unapopita hewani, kwa hiyo kosa la kadiri hiyo haliwezi kulificha goti lililokakamaa. Lakini paja linapojizungusha ndani na nje, mwendo wote ni nyuzi kumi hivi. Kosa lilelile likiingia hapo limekula karibu nusu ya kinachopimwa.

Kasi yenyewe haihitaji kamera. Tangu miaka ya 1990 wanaoshughulika na kiharusi wametumia mipaka hii: chini ya mita 0.4 kwa sekunde, mtu ni wa kuzunguka nyumbani. Kati ya 0.4 na 0.8, hutoka kidogo. Zaidi ya hapo, anajimudu nje. Mama mdogo alianza na 0.38, na mteremko wa feri ya Likoni, watu wakikusukuma mgongoni, hausubiri mtu wa 0.38. Hayo yote saa imeyasema. Isichosema ni kama kasi imeongezeka kwa sababu goti limeanza kukunjika, au kwa sababu amezoea kuuzungusha mguu kwa nje kama anayefyeka majani. Hapo ndipo naiona faida ya simu: mtu yuleyule, kutoka upande uleule, wiki hadi wiki.

Kinachonikera ni kwamba hakuna anayezungumzia nguo. Miaka ya 1880, huko Ufaransa, Étienne-Jules Marey alimvika mtu nguo nyeusi mwili mzima, akamtia mistari myeupe kufuata mikono na miguu, ili picha isishike ila mistari hiyo. Sisi nguo nyeusi tunazo tele, mistari hatuna. Goti lililo chini ya buibui programu hulibahatisha tu, kisha ikakuletea nambari yenye desimali kana kwamba imeliona. Kanzu vilevile. Na mwambie mama wa Kibokoni, kule Mji wa Kale, avae kaptura ya kubana mbele ya kijana mwenye simu, uone kama Jumanne ijayo atarudi.

Jambo jingine, kamera za infraredi huona vitufe tu. Simu huchukua uso, na mifumo kama OpenCap hupeleka video kwenye seva ili ichakatwe huko. Sheria ya Ulinzi wa Data ya Kenya ya 2019 inazihesabu habari za afya kuwa nyeti, na hatujasahau jinsi watu walivyopanga foleni mwaka 2023 kupigwa picha za macho na Worldcoin, mradi wa sarafu ya kidijitali, kabla serikali haijasimamisha zoezi lile. Mama mdogo hajui sheria hiyo, lakini aliuliza, "Mwanangu, hiyo picha yangu yaenda wapi?" Kijana akakohoa.

Wiki iliyofuata mlango ulifungwa na feni ikazimwa. Simu alishika msichana wa hapohapo, programu ikiwa ni ile inayofanya kazi ndani ya simu bila intaneti, na mama mdogo akajifunga leso aliyoipandisha juu ya magoti. Kidoto kikatulia. Goti la kushoto nyuzi 31, saa sekunde 19. Nambari zote mbili zikaandikwa kwenye kadi yake, na video ikafutwa mwenyewe akiangalia.