Kazi za bibi zetu, wenzetu wanazilipia ada

Mbukwenyi, wana Dom wenzangu na wote mlio mbali na nyumbani.

Kila Januari simu za pole zinamiminika. Ndugu wameona kwenye taarifa ya habari magari yamefunikwa na theluji mahali fulani Ulaya, basi wanajua na mimi nimeganda. Ahsanteni kwa kunijali, ila leo nataka tubishane kidogo. Ninaishi Oulu, kaskazini mwa Ufini. Mwishoni mwa Desemba jua linachungulia kwa saa tatu na nusu hivi, halafu linazama, na nyuzi joto hasi 20 si habari ya kumsimulia jirani. Pamoja na hayo nasema Mgogo anayajua maisha haya kuliko anavyodhani. Wa kupewa pole ni mtu wa Bukoba, ambaye kwao migomba ni ya kijani mwaka mzima.

Hebu angalieni. Dodoma mvua inaanza Desemba, ikifika Aprili imeaga, na kwa mwaka wa kawaida haivuki sana milimita 600. Kuanzia Mei hadi Novemba ardhi haikupi kitu. Oulu theluji inashika Novemba na kuondoka Aprili, na ardhi nayo haikupi kitu. Ya kwetu imekaushwa na jua, ya kwao imefungwa na barafu, lakini tumbo halijui tofauti hiyo. Pande zote mbili watu wamelazimika kufanya jambo lile lile: kuchuma wakati kuna cha kuchuma, kukausha, kuweka, kisha kukaa na kutengeneza vitu kwa mikono mpaka msimu urudi.

Mama mkubwa wangu kule Mvumi, masika ikikolea, anazunguka mashambani na pembezoni kuchuma mlenda pori. Anauanika mkekani, unatwangwa, unawekwa. Hiyo ndiyo ilende inayovusha watu hadi mvua nyingine. Wafini wao, Agosti na Septemba, wanaingia msituni na ndoo. Sheria yao inamruhusu mtu yeyote kuchuma matunda pori na uyoga hata kwenye msitu wa mtu binafsi bila kubisha hodi kwa mwenyewe. Uyoga unakatwa, unakaushwa, unatiwa kwenye chupa. Matunda yanaingia kwenye friza. Wakifungua chupa ile Februari, uso wanaoweka naufahamu vizuri, maana ni wa mama mkubwa akifungua kibuyu cha ilende mwezi wa kumi.

Kilichonisukuma kuandika lakini ni kitu kidogo zaidi. Krismasi ikipita, kila nyumba ina mti wa kutupa. Mzee mmoja wa ghorofa ya chini kwetu hautupi wote. Anakata kilele chake, pale ambapo vijitawi vinne au vitano vinachomoza mahali pamoja kulizunguka shina. Anavifupisha vibaki urefu wa kidole, anamenya gome kwa kisu, anakwangua hadi mti unabaki mweupe na laini, kisha anauacha ukauke taratibu ndani ya nyumba. Nilipomuuliza kazi yake, hakujibu kwa mdomo. Aliuweka katikati ya viganja akausokota mbele na nyuma.

Jamani, upekecho! Upekecho wa mlenda, tofauti ni kwamba huu una harufu ya msonobari. Bibi zao walikorogea uji na michuzi kwa kifaa hiki kabla mashine hazijaja. Siku hizi wengi wanakitundika ukutani kama pambo, ila mzee wangu bado anakorogea uji wa unga wa rai, ile nafaka inayowapa mkate mweusi. Alinigawia mmoja, nami nikaupa kazi yake ya haki. Maji yanachemka na magadi kidogo, unanyunyiza ilende kwa mkono mmoja huku wa pili ukizuia upekecho usianguke, halafu viganja vyote viwili vinaingia kazini. Povu linapanda. Unauinua upekecho kuona kama mlenda unavuta uzi. Ukivuta, karanga za kusaga zinafuata, chumvi, funika kidogo, epua. Unga wa uwele siupati kwa urahisi, kwa hiyo nachanganya wa mahindi na wa rai. Rangi inakaribia ugali wa uwele, ladha haikaribii, lakini nje ni hasi 18 na madirisha yamejaa mvuke, nani atalalamika?

Jambo jingine wanalolipenda ni taa ya barafu. Unachukua ndoo ya plastiki, ya lita kumi kama hizi za kwetu, unaijaza maji na kuiacha nje usiku. Maji yanaanza kuganda pembeni na juu, katikati yanabaki maji. Asubuhi unaipindua ndoo, barafu inatoka nzima, unatoboa pale palipo pembamba, unamwaga maji ya ndani, na shimo linalobaki unatia mshumaa. Basi, una taa ya kuweka mlangoni kwa wiki nzima kama baridi haijalegea. Niliionyesha kwa mama kwenye simu ya video. Akaitazama, akanyamaza, kisha akauliza, “Na hayo maji ya katikati umeyamwaga?” Mgao wa maji haujawahi kumtoka mama kichwani, na mimi sikuwa na jibu la kumpa.

Desemba 6 ni siku ya uhuru wao wa mwaka 1917, na jioni wanawasha mishumaa miwili dirishani. Yangu naiwasha pamoja nao na kuendelea nayo hadi tarehe 9. Majirani wanafikiri nimesahau kuizima.

Sasa twende kwenye ada. Karibu kila manispaa hapa ina chuo cha watu wazima chenye masomo ya jioni kuanzia vuli. Watu wanajiandikisha na kulipa ili wafundishwe kufuma soksi za sufu, kusuka vikapu vya gome la mti, kuunganisha mabua ya rai kwa uzi yawe pambo la kuning'inia juu ya meza. (Hili la mabua lilinichekesha. Mtoto gani wa Ugogoni hajaunda gari la mabua ya mtama? Sisi tulipigwa kwa kuchafua uwanja.) Dereva wa basi anakaa karibu na daktari, wote wamehesabu vishono vyao vibaya, na hakuna anayeona amejishusha. Nilijiunga na darasa la soksi. Naam, mwanaume mzima na sindano tano za kufumia. Shemeji yangu alipoona picha aliniuliza kama nimeishiwa.

Wafini hawakuzaliwa na heshima hii kwa kazi za mikono. Uno Cygnaeus, aliyeweka misingi ya shule zao za msingi, alizifanya kazi za mikono kuwa somo la lazima tangu 1866, na leo wavulana kwa wasichana wanajifunza mbao na nyuzi bila kutenganishwa. Nasi tulikuwa na wazo letu. Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea mwaka 1967, na baadaye tukawa na somo la Stadi za Kazi. Mnakumbuka ilivyokuwa? Mwalimu anasema kesho kila mtu aje na ufagio au mwiko aliotengeneza mwenyewe. Jioni hiyo akina mama wanajaa Soko la Majengo kununua. Mwalimu anajua, mzazi anajua, alama zinatolewa, na ofisi ya walimu inapata mafagio mapya. Sasa mtaala mpya umeleta mkondo wa amali kwa sekondari. Nauombea, ilimradi hiyo amali isije ikaishia sokoni nayo.

Darasa lililofuata lilikuwa la mazulia ya matambara. Mashuka yaliyochakaa yanachanwa vipande vya upana wa vidole viwili, yanaviringwa mabunda, kisha yanafumwa kwenye mtambo wa mbao unaopiga kelele nzuri. Nilichana kanga zangu kuukuu. Maua mekundu yakatokea mstari mmoja hapa, mweusi wa pindo pale, na herufi zilizovunjika za jina la kanga ambalo hakuna atakayelisoma tena. Zulia kama hilo Wafini wanaliweka sebuleni, na kiangazi wanalipeleka kulisugua kwenye sehemu maalum za kufulia kando ya maji.

Nililibeba hadi Dodoma kama zawadi kwa dada yangu. Akalishukuru vizuri, na siku ya pili nikalikuta nje ya mlango wa jikoni, la kufutia miguu. Nilipouliza akasema, “Kaka, matambara sebuleni? Watu watasema tumefulia.” Sebuleni kuna zulia la manyoya la kiwandani, linalovuta vumbi lote la Dodoma na halifuliki. Dada simlaumu sana. Makochi yake bado yana vitambaa vya kufuma alivyoachiwa na mama, na anajivunia. Kwa hiyo tatizo si mikono. Kinachoitwa cha kisasa kinaingia ndani, kinachonuka kijiji kinalala nje.

Na ndiyo maana bei inaniuma. Soksi za kufumwa kwa mkono sokoni Oulu ni yuro 20 hadi 30, na mnunuzi analipa na kushukuru. Nenda mnada wa Msalato siku ya Jumamosi. Mtu anatoa noti ya elfu kumi kwa sahani ya nyama choma bila kukuna kichwa. Akigeuka, bibi amekaa chini na nyungo alizosuka siku kadhaa, mtu yule yule anaanza: “Bibi, punguza. Bibi, mbona ghali? Basi nipe mbili kwa bei ya moja.” Kwa ule ungo mmoja! Wanyaturu wa Singida walau vikapu vyao vimepata wanunuzi wa nje ya nchi, ambako hakuna anayemwambia msukaji apunguze hadi alie. Sisi tunasubiri mzungu atuambie kitu chetu kina thamani, kisha tunakwenda kukinunua Dar kwa bei ya watalii.

Lakini na mimi msinielewe vibaya, maana wapo wenzangu wa ughaibuni wakikaa miaka michache wanaanza kuusifia umaskini. Mshumaa wa Oulu unapendeza kwa sababu swichi iko ukutani. Koroboi la nyumbani halikumpendeza mtu, lilitujaza masizi puani na kutuumiza macho. Mfini anapika supu ya njegere kavu saa kadhaa, tena kwa desturi yao ni ya Alhamisi, huku amekaa anasoma gazeti. Mama mkubwa akipika makande kwa saa hizo hizo anapuliza moto, anakohoa, na kuni amezibeba kichwani kutoka mbali. Serikali ilizindua mwaka 2024 mkakati wa kufikisha asilimia 80 ya Watanzania kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo 2034. Heri ufanikiwe, na asije mtu kutoka Oulu au Osterbay kuniambia makande ya gesi hayana ladha. Mtu akichagua kazi ya mikono, hiyo ni starehe. Akikosa njia nyingine, ni mzigo, hata akiimba anapoifanya.

Kuna mahali tunawashinda, tena kwa mbali. Darasa letu la soksi linaweza kumaliza nusu saa nzima mnasikia sindano tu. Wamekaa kumi na wawili, wameridhika, hakuna anayeona ukimya ule una kasoro. Mimi nilidhani kuna msiba. Kwetu kubangua karanga ni kisingizio tu, kazi yenyewe ni maneno. Nani kaolewa, mbuzi wa nani kala mtama wa nani, mchungaji mpya ana sauti gani. Karanga zinaisha na hakuna aliyeziangalia. Hata kipupwe chetu cha Juni na Julai, pale upepo unapovuma usiku na bodaboda wanavaa makoti mazito kana kwamba wanakuja kunitembelea mimi, watu wanakusanyika kwenye jiko na mahindi ya kuchoma. Dodoma ikishuka hadi nyuzi 14 mnalalamika pamoja. Hapa kila mtu anaipambania baridi kwake, mlango umefungwa. Isipokuwa sauna. Humo ndani Mfini anaongea hadi unashangaa, ila mnapotoka nje anakuwa hakujui tena.

Ninachopenda sasa ni kuwaalika. Nilimwita yule mzee na mkewe, nikaweka karanga mbichi kwenye meza nikawaambia hawapati chai mpaka zimenywe zote. Mwanzo walimenya kimya kama wako kwenye mtihani. Zilipofika nusu, mke alianza kusimulia habari za shangazi yake na shamba la viazi, mume akambishia, na chai ikasahaulika.

Basi, kama kuna mtu anasafiri kuja huku kabla ya Desemba, naomba mzigo mdogo. Ilende, isiyo na mchanga tafadhali, nusu kilo inatosha. Karanga mbichi za Kongwa kiasi utakachoweza kubeba. Na upekecho mmoja wa kwetu, mpini mrefu, nimemwahidi mzee wa ghorofa ya chini. Ununue kwa bibi pale Majengo, umpe bei atakayotaja, nitakurudishia. Malipo ya kubeba ni soksi za sufu, nimefuma mwenyewe, hazina tundu. Nitumie namba ya kiatu mapema, kwa sababu kisigino bado kinanichukua muda.