Loleza iko pale pale, wanetu hawajaipanda

Kuna treni ya mjini hapa Oslo, njia namba 1, inayopanda hadi Frognerseteren. Jumapili asubuhi wakati wa baridi inajaa familia nzima nzima: bibi, baba, mtoto wa chekechea, kila mtu na skii zake, vile vibao virefu vya kufunga miguuni, wanakwenda msituni kuteleza kwenye theluji. Mwaka huu na sisi tumo. Baba watoto, mimi na wanetu tunajifunza skii kwa pamoja, na furaha ninayoipata imenichokoza niwaandikie ndugu zangu wa Mbeya.

Kujifunza skii ukubwani si kazi ndogo. Kupanda kilima unatanua ncha za mbele na kukanyagia ukingo wa ndani, hatua kwa hatua. Kushuka ni kinyume: ncha zinakaribiana, visigino vinatanuka, ndipo mwendo unapungua. Watoto walishika haraka, maana hawaogopi kuanguka. Baba yao, mwanaume wa Tukuyu, anaanguka, anasimama, na binti yake anamwambia, "Baba, kunja magoti." Anakunja. Mimi baba yangu sikuwahi kumwona akifundishwa kitu na mtoto. Alitupenda, akatusomesha kwa jasho lake, lakini kucheza nasi hapana.

Nimekulia Forest, mtaa wa Mbeya mjini. Kila siku ya Mungu niliiona Loleza, mlima ulio juu ya mji wetu, na minara yake, na sikuwahi kuipanda na wazazi wangu. Waliopanda ni waokota kuni, mafundi wa minara, na wazungu wenye mabegi mgongoni ambao sisi watoto tuliwakimbilia kuwashangaa. Hilo ndilo linaloniuma. Mlima mrefu kuliko yote Norway, Galdhøpiggen, una mita 2,469. Loleza inapita 2,600! Rungwe inakaribia 3,000. Hata uwanda wa Kitulo, pale ng'ombe wanapolisha, uko juu kuliko kilele chao. Watu wa milima ni sisi, jamani, halafu milima tunawaachia wageni.

Najua nitakavyojibiwa. "Dada, umefika Ulaya juzi unaanza kutufundisha milima. Mama zetu wanapanda Uporoto na mizigo kichwani, unataka wapande tena kwa raha?" Kaka yangu, huo mzigo nimeubeba. Nimeteremka na kuni shingo ikiniuma, siongei kama mgeni. Na msidhani skii zilizaliwa na matajiri. Sondre Norheim, ambaye watu wa hapa wanamhesabu baba wa skii za kisasa, alikuwa mkulima maskini wa Morgedal, karne ya 19, asiye na shamba lake mwenyewe. Skii zilikuwa chombo cha kufuata kuni na kuwindia. Yeye akabuni namna ya kuzifunga zishike kisigino, akaruka nazo, akacheza nazo, na mwaka 1884 akahamia Marekani kutafuta maisha kama tulivyohama sisi. Umaskini haukumnyima mchezo.

Mwingine atasema hela. Njia za msituni hapa hazina kiingilio, na vifaa vya watoto tuliazima bure. Nakubali, bure hiyo inalipiwa kwa kodi, na kodi ya hapa inauma. Lakini Loleza haihitaji skii! Inahitaji viatu na maji ya kunywa. Kitulo ni hifadhi ya taifa tangu 2005, wenyewe tunaiita Bustani ya Mungu, watu wanavuka bahari kuja kuona maua yake wakati wa mvua, na nawafahamu watu wa Uyole wenye magari yao ambao kona za Chimala, za barabara ya kupandia Kitulo, hawajawahi kuzipanda isipokuwa wakifuata viazi.

Na tusisingizie baridi. Mtu wa Makete anayeamka Juni akute majani yameganda aogope baridi gani? Tunachoogopa ni macho ya majirani. Mtu mzima, Jumapili, yuko mlimani na watoto, watasema kapatwa na nini. Ila Jumapili hiyohiyo muda wa kikao cha harusi upo. Likizo iliyopita kule Tukuyu kwa wakwe niliwakuta watoto wakiteleza kwenye mteremko wa nyasi, wamekalia magome ya migomba. Ni mchezo uleule ambao hapa una waalimu na shule. Walichapwa kwa kuchafua nguo. Nilinyamaza kwa heshima ya ukwe, lakini moyo ulinichemka.

Julai tunakuja. Nimeshawaambia kaka zangu kwamba Jumamosi ya kwanza tunapanda Loleza, wao na wake zao na watoto wote, tukiondoka mapema. Mmoja ameniuliza tunakwenda kufanya nini huko juu. Kula viazi, kunywa chai ya tangawizi na kuiangalia Mbeya yetu, kaka. Mbona ulipowapeleka wanao Dar kuona bahari hukuuliza mnakwenda kufanya nini?