Rangi ya Plastiki Inayamaliza Makanisa Yetu Makongwe

Kanisa kongwe la pwani likikaribia jubilei, kamati hukaa, waumini huchangishana, na ndoo za rangi ya maji ile ya plastiki zikashushwa mlangoni. Nia ni njema. Lakini rangi hiyo ndiyo inayoumaliza ukuta.

Makanisa haya hayakujengwa kwa tofali za saruji. Chukua Kanisa Kuu la Kristo, Mkunazini, Unguja. Jiwe la msingi liliwekwa Krismasi ya 1873, mwaka uleule lilipofungwa soko la watumwa lililokuwa hapo, na Askofu Edward Steere akalijenga kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mawe hayo yana vitundu. Yanafyonza unyevu wa ardhini pamoja na chumvi yake, kisha jua likiwaka unyevu unatokea usoni mwa ukuta na kukauka. Ukiuziba uso kwa plastiki, maji yanazidi kupanda ila hayana pa kutokea. Chumvi inaganda nyuma ya rangi, inavimba na kuisukuma plasta.

Sogelea ukuta uliopakwa hivyo baada ya masika, ubandue lengelenge moja. Linatoka kama ngozi, unaweza hata kulikunja, na mgongoni limeshika unga mweupe. Unga ule ni plasta yenyewe, imeondoka na rangi.

Zipo rangi za madini, za silikati, ambazo Mjerumani Adolf Wilhelm Keim alizipatia hataza, yaani hati ya haki ya uvumbuzi, mwaka 1878. Gundi yake ni silikati ya potasiamu, ambayo hushikana na chokaa ya ukuta hadi vikawa kitu kimoja. Haifanyi utando, kwa hiyo haibanduki, na mvuke unapita. Nyumba zilizopakwa Ulaya enzi hizo baadhi bado zina rangi yake ya kwanza. Ila haishiki juu ya plastiki: lazima ile ya zamani ikwanguliwe yote, na kazi hiyo ni ya taratibu, maana fundi mwenye haraka huondoka na plasta pia. Na ikishashika, haitoki. Rangi ichaguliwe kwa makini, basi.

Bei yake ni kubwa, sikatai. Mimi ningeiweka kwenye minara na kuta ndefu, ambako kufunga jukwaa kila baada ya miaka michache kunakula pesa nyingi. Kuta za chini zinatoshwa na chokaa: ukuta uloweshwe kwanza, mikono ya chokaa, yaani tabaka zake, iwe myembamba na mingi, isipakwe juani. Vijana wa parokia wanaweza kuifanya wenyewe chini ya mwashi anayeijua.

Ila kabla ya rangi yoyote, kamati itenge fedha za mifereji ya paa, na saruji iliyosakafiwa kuzunguka msingi ivunjwe. Unyevu ukibanwa chini hupanda ukutani, na hakuna rangi itakayouzuia.