Tarakimu Mbili na Herufi Moja

Ninaishi Walukuba, mjini Jinja, si mbali na bwawa la Nalubaale, lile ambalo wazee bado huliita Owen Falls na ambalo limekuwa likizalisha umeme tangu mwaka 1954. Kwa sababu hiyo nimezoea kuwaambia wanafunzi wangu, bila haya yoyote, kwamba sisi watu wa Jinja tunaujua umeme kama mvuvi anavyomjua samaki. Jumatatu ile usiku, nikiwa nimebakiza nusu ya mtihani wa Kiswahili uliotakiwa kumfikia mkuu wa idara Jumatano asubuhi, nilibonyeza kitufe cha kuwashia laptopu yangu, nayo ikanyamaza kama mwanafunzi aliyeulizwa ngeli.

Nililoshuku kwanza ni Yaka, yaani umeme wetu wa kulipia kabla ya kutumia. Nilikwenda kwenye mita nikakuta yuniti 37 zimebaki. Nikachomeka pasi katika soketi ile ile, ikapata moto. Nikaichomoa, nikarudisha chaja, na taa yake ya kijani ikawaka vizuri kabisa. Hapo nikahitimisha, kwa ujasiri ule wa mtu asiyejua, kwamba umeme upo, chaja ni nzima, kwa hiyo mgonjwa ni laptopu.

Mpwa wangu aliye Mbale, ambaye anasomea mambo ya kompyuta, alinielekeza kwa simu kwamba nichomoe chaja, nitoe betri, nishikilie kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30 ili chaji iliyobaki ndani iishe, kisha nijaribu kuwasha kwa chaja peke yake. Nilihesabu kwa sauti kubwa, na nilipofika kumi na tano watoto walikuwa wameamka na kuanza kuhesabu pamoja nami, hata jirani akagonga ukuta. Laptopu haikutikisika.

"Mjomba," akauliza kwa adabu, "hiyo chaja ni ile ile ya siku zote?"

"Kwani mimi nina chaja ngapi?" nikamjibu, nikakata simu.

Kutoka chumbani mama watoto alinisikia nikihema. Akiwa ametulia huniita Baba. Usiku ule aliniita Mwalimu. "Mwalimu, ukimaliza matanga ya huyo, njoo uitazame na dikoda." Dikoda ilikuwa imezimika tangu Jumamosi jioni, baada ya kutoa harufu ya plastiki inayoungua, na Jumamosi hiyo ndiyo siku niliyohamisha meza ya televisheni na kupanga upya nyaya zote kwa mikono yangu, ingawa nilikuwa nimekatazwa. Nilikwisha kutoa hukumu kwamba ni mvua iliyoingia kwenye dishi.

Jumanne, baada ya vipindi, nilimpelekea fundi mmoja wa Main Street laptopu pamoja na chaja, nikamsimulia historia ya ugonjwa kwa kirefu, nikitaja pasi, mita na zile sekunde 30. Alinisikiliza hadi mwisho, akaiacha laptopu ilivyo mezani, akaichukua chaja na kuigeuza chini juu.

"Mwalimu, hapa pameandikwa nini?"

Nikavaa miwani. "12V."

Akageuza laptopu. "Na hapa?"

"19V."

Akanieleza, taratibu kama anayefundisha darasa la kwanza, kwamba taa ya kijani huonyesha tu kuwa chaja yenyewe imepata umeme, na kwamba mashine inayotaka volti 19 haiwezi kuamshwa na volti 12. Tangu Jumamosi nilikuwa nikila akiba ya betri huku nikidhani inajaa. "Ulipoichomeka haikukaza?"

"Ilikaza kidogo. Nilidhani ni vumbi, nikasukuma."

Alinitazama kwa muda. "Hii ni chaja ya dikoda. Sasa ile ya volti 19 umeichomeka wapi?"

Sikumjibu, kwa sababu pua yangu ilikuwa imeikumbuka harufu ya Jumamosi.

Alinitoza shilingi 5,000, nami nikalipa bila kubishana, ingawa njia nzima nilipiga hesabu ya bei ya kusomewa tarakimu mbili na herufi moja, mimi ambaye kila mtihani wangu huanza kwa maneno "Soma maagizo kwa makini kabla ya kujibu".

Nyumbani niliivuta chaja yangu kutoka nyuma ya televisheni, nikaichomeka, na laptopu ikawaka papo hapo. Mama watoto alikuja akasimama mlangoni, akaitazama chaja, akaitazama dikoda, kisha akanitazama mimi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitia hofu. Aliibeba laptopu, akaiweka juu ya meza ya televisheni, akanunua data kwa simu yangu, akatafuta tamthilia aliyoikosa tangu Jumamosi. Maswali yaliyobaki niliyaandika kwa kalamu, nimekaa nyuma yake, kwa mwanga wa laptopu yangu mwenyewe.