Natafuta Kichwa cha Mkanda

Najua habari za mimi na nyoka mmeshazipata. Rafiki yangu, yule niliyempigia simu aje aniokoe, kawaambia alinikuta nimening'inia kwenye pazia nikimlilia mama. Uongo! Pazia lilikuwa limeshaanguka zamani, mimi nilikuwa juu ya meza. Na mama nilimwita mara moja tu, sababu yake mtaisikia.

Chumbani kwangu kuna kiti. Msinicheke, na nyie mnacho: kile cha nguo ambazo hazijachafuka kiasi cha kufuliwa, lakini kabatini nako haziwezi kurudi. Changu sikumbuki mara ya mwisho kukaliwa na binadamu. Basi asubuhi nimechelewa kazini, nina shati, bukta na soksi moja, natafuta mkanda. Nina mkanda mmoja tu, wa kahawia. Nikaona ncha ya kahawia imechungulia chini ya jaketi. Nikaishika.

Hapa naomba twende polepole.

Kwanza nilishangaa ulivyo laini. Nikajisemea moyoni, ngozi halisi hii, kumbe sikupunjwa. Halafu wanaosema nyoka ana utelezi hawajawahi kumshika. Ni mkavu kabisa, kama mkoba mpya. Nikavuta. Haukuja. Nikadhani umenasa kwenye mguu wa kiti, nikauzungusha mara moja kiganjani ili nivute vizuri. Jamani, niliuzungusha! Mkono wa pili nikauingiza chini ya jaketi natafuta kichwa cha mkanda.

Kichwa kikaja chenyewe.

Kilitoka kwenye mkono wa jaketi langu taratibu, kama mtu anayechungulia nani anagonga mlango saa hizi. Ulimi nje, ndani, nje. Na mimi bado nimemshika mkia. Ubongo ulishatoa amri, vidole havijaipata. Tukatazamana. Nikawa nasubiri apepese macho nipate mwanya wa kukimbia. Nimekuja kuambiwa baadaye kwamba nyoka hana kope za kufumba, kwa hiyo nilikuwa kwenye shindano ambalo mwenzangu hawezi kushindwa.

Nilivyofika mezani sijui. Najua pazia nilipita nalo, pamoja na fimbo yake.

Sasa mlango. Nalala nimefunga kwa ufunguo, kwa ajili ya usalama. Ufunguo uko mfukoni mwa suruali ya jana. Suruali ya jana iko wapi? Endeleeni kukisia, mimi nipo hapa mezani.

Simu, nashukuru, ilikuwa mezani. Nikampigia rafiki yangu, lakini kwa kunong'ona, nyoka asisikie. Yeye kusikia minong'ono akajua nimevamiwa na majambazi, akaja na nusu ya majirani, marungu mkononi. Na kumbe kunong'ona kwenyewe kazi bure. Nyoka hana masikio ya nje. Anachokipata zaidi ni mtikisiko wa chini, unapitia kwenye taya. Yaani mimi nanong'ona huku meza inagonga sakafu kwa kutetemeka kwangu, taarifa zote anazipata palepale alipo.

Watu wamejaa dirishani, kila mmoja na ushauri wake. "Mmwagie chumvi!" Chumvi naitoa wapi, chumbani? Mmoja akasema niruke nimkanyage kichwa. Huyo nimemweka akilini.

Nyoka mwenyewe alikuwa amesharudi ndani ya jaketi. Nikachukua fimbo ya pazia, nikainyoosha, nikainasa suruali kwa ncha, nikaanza kuivuta. Jasho. Dirisha zima kimya. Imefika karibu na uso wangu, mara kitu kirefu cha kahawia kikachomoka kiunoni mwa suruali, kikaniangukia mguuni, ule usio na soksi.

Ndipo nilipomwita mama.

Ulikuwa mkanda. Mkanda wangu, ulikuwa kwenye suruali tangu jana.

Yaliyobaki ni mafupi. Nikarusha ufunguo dirishani, akaingia mzee mmoja anayejua mambo hayo, akatufukuza wote, akamsukuma mgeni kwa ufagio mrefu hadi kwenye ndoo, akafunika. Dakika mbili, hata kofia haikumtoka. Akasema ni nyoka wa nyumbani, hana sumu, tazama mistari yake miwili myeupe kila upande wa kichwa. Nikamwambia asante, nitatazama siku nyingine. Akasema pia kujitia kumuua au kumkamata nyoka ni kujitafutia kugongwa, hivyo hata huyu usiyemwogopa mwachie nafasi na muite anayejua. Kisha akaniuliza, mbele ya majirani wote, "Kijana, humu ndani una panya wengi?" Maana hao ndio waliomleta.

Ndiyo, nina panya. Furahini na hilo.

Ila kuna jambo rafiki yangu hajawaambia, analitunza. Nyoka alipokuwa nje ya jaketi, rafiki yangu hakuwa ameshika simu, alikuwa ameshika rungu. Simu aliitoa nilipoanza kuvua suruali kwa fimbo kama navua samaki. Kwa hiyo kwenye video aliyonayo nyoka haonekani hata kidogo. Naonekana mimi, na bukta, na soksi moja, namlilia mama kwa sababu ya mkanda.

Ameniambia anafikiria tu lini aitume.