Maadili ya Pazia

Dodoma bwana, maadili yanapimwa kwa pazia. Nani kaonekana akitoka gesti ya Nkuhungu saa 12 asubuhi, mtaa mzima unajua. Kama humo ndani alijikinga, hakuna anayeuliza.

Fungua kitabu cha wageni: jina, kabila, kazi, atokako, aendako. Bunge la bajeti likianza Aprili, utadhani nchi nzima ni wafanyabiashara kutoka Morogoro, kila mmoja na mkewe. Ndoa zimetulia kwelikweli!

Sasa mwone baba mzima akinunua kondomu. Anaomba Panadol. Anaomba dawa ya kikohozi. Anasubiri mama mwenye mtoto atoke, ndipo anainama: "Na ile nyingine." Ipi? "Ya wakubwa." Muuzaji naye makusudi, kwa sauti: "Pakiti ngapi, mzee?"

Akishaipata anaitia kwenye waleti, anaikalia wiki tatu juu ya bodaboda kwenye jua hili. Mpira hautaki joto wala msuguano, unachoka kabla ya kazi. Tarehe ya mwisho haisomi, taa imezimwa kwa heshima. Anachana kwa meno. Ncha habani kutoa hewa. Halafu anapaka mafuta ya mgando, yaleyale ya magoti, na mafuta ndiyo yanaufanya mpira upasuke. Kinachofaa ni kilainishi cha maji. Wajanja wanavaa mbili, zisuguane vizuri zichanike zote. Akimaliza analala humohumo mpaka ivuke yenyewe, badala ya kuishika shinani na kutoka kungali na uimara.

Ikipasuka, maombi. Siku ya tatu ndio anakumbuka P2. P2 ni kidonge cha kuzuia mimba, na kila saa unayochelewa inapungua nguvu. VVU haivijui kabisa. Huko ni PEP, dawa za kuzuia VVU baada ya tendo la hatari: uanze ndani ya saa 72, umeze kila siku kwa siku 28. Na hizo saa 72 zinahesabiwa toka tendo, si toka ulipoanza kujuta.

Huyohuyo ndiye anayewaita wahuni vijana waliopanga chumba kimoja Chang'ombe. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema wakiishi pamoja miaka 2 na watu wakawajua kama mke na mume, wanadhaniwa wameoana mpaka ithibitishwe vingine. Yeye mwenye cheti ukutani, sheria hiyohiyo inamruhusu mume wa yule mama aliyelala naye gesti kumdai fidia ya ugoni mahakamani.

Ndiyo maana kitabuni katokea Morogoro.