Na mama, naye aulizwe kama amelala

Mzazi wa mtoto mwenye selimundu, ugonjwa wa kurithi wa damu, halali usingizi wa kushiba. Kliniki tunafundishwa kupapasa tumbo la mtoto upande wa kushoto, chini ya mbavu, kuangalia kama bandama limevimba, maana likikusanya damu ghafla mtoto anaweza kutuponyoka ndani ya saa chache. Ni elimu inayookoa maisha. Ila ukishaijua, mkono hautulii. Nampapasa mwanangu akiwa usingizini, nammulika viganja kwa tochi ya simu nione kama vimepauka, nagusa paji la uso, namwamsha anywe maji. Asubuhi naamkia kazini kama watu wengine.

Tanzania huzaliwa watoto wapatao 11,000 wenye ugonjwa huu kila mwaka, na kila mmoja ana mtu anayemkeshea. Huyo hana kadi. Mtoto atapimwa uzito, joto na wingi wa damu, ataandikiwa dawa. Mzazi ataambiwa tarehe ya kurudi. Maofisa ustawi wa jamii wapo hospitalini, lakini wengi wetu tunawafuata kuomba msamaha wa gharama tu. Nataka kila siku ya kliniki mzazi naye aulizwe: unalala? unakula? nyumbani mnaelewana? Na jibu liandikwe.

Baba naye aitwe. Selimundu hurithiwa kwa wazazi wote wawili, na wakibeba vinasaba vyake wote wawili, kila mimba ina uwezekano wa robo wa kuleta mtoto mgonjwa. Bado kuna mawifi na mama wakwe wanaosema "kwetu hakuna ugonjwa huu," na mama anabebeshwa lawama wakati hata usingizi hana. Nimewaona akina mama wodini wakienda kulia bafuni, wakanawa uso, wakarudi kitandani wanatabasamu ili mtoto asiogope. Baba huombwa hela ya dawa, basi. Hofu yake haiulizwi na mtu.

Ndugu zetu, "jikaze" tumeshaisikia. Dua tunazipokea kwa mikono miwili. Lakini tunamhitaji pia shangazi anayekuja Jumamosi na kusema, "Mama, kalale chumba kile, leo niko naye mimi." Awe anajua bandama liko wapi, dawa ya maumivu anampa kiasi gani, na dalili zipi ni za kumkimbiza hospitali usiku huohuo. Kliniki ijayo, wazazi wenzangu, nendeni na mtu mmoja wa ukoo afundishwe.